Amplifaya ya Baba Ilivyogawanywa

Kufa kufaana, wahenga walisema, lakini sikujua kwamba waliwasema baba zangu wadogo mpaka nilipowakuta wameipindua amplifaya ya marehemu sebuleni kwetu, mtaani Panda, mama yangu bado ameketi chini kwenye godoro la msiba.

Desturi naijua. Mtu akifa, ndugu zake huja kuchukua vitu vyake. Basi chukueni baiskeli, chukueni makoti, hata runinga! Amplifaya ile baba aliijenga kwa mikono yake, akitoka kazini kiwandani alikokuwa fundi umeme. Waya wa shaba wa transfoma aliusokota mwenyewe, ukaungua, akausokota tena. Zile taa za kioo za ndani, sisi huziita lampe, alizitoa kwenye redio kuukuu. Nasikia huko Ulaya wapo mafundi wanaotengeneza amplifaya hivyo, moja moja, na wapiga gita hupanga foleni kuzisubiri. Sisi fundi wetu tulikuwa naye nyumbani, na ndugu zake waliona sanduku tu.

Mimi ndiye niliyeitumia kupigia gita kanisani kila Jumapili. Hata padri alishazoea kungoja lampe zipate moto ndipo aanze misa. Nikawaomba waniachie hiyo moja, mengine yote wabebe. Mkubwa wao akanijibu, «Weye uko mwanamuke, utaolewa. Tutagawanya sawasawa, kila muntu na yake.»

Kugawanya amplifaya! Kama mbuzi! Nilimwonya kwamba umeme hubaki ndani hata waya ukichomolewa ukutani. Hakunisikiliza, akaingiza bisibisi, umeme ukamtupa chini. Kwa heshima ya msiba sikucheka. Alipoinuka akang'oa transfoma, akaenda kuiuza kwa watu wa mitraille, wale wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa ajili ya shaba yake. Mdogo wake akabeba spika. Shangazi akataka sanduku, na leo kuku wake wanatagia humo. Lampe hazikumfaa mtu. Nilizikuta jalalani zimepasuka. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, na mpaka leo sijasamehe wala sijajaribu.

Siku ya kuondoa matanga walikuja wote, wameshona sare mpya, wakataka nipige ule wimbo ambao marehemu aliupenda. Haya, nikapiga. Gita la umeme bila amplifaya ni nyuzi tu zinazokwaruza. Ua ulijaa watu, na mlio haukupita viti vya mbele. Mama aliinamisha kichwa ili asikie.

Yule mkubwa akasimama kule nyuma, mbele ya majirani na wanakwaya wote, akapaza sauti, «Mutoto, pandisha sauti! Huku hatusikie kitu!»

Nikaacha kupiga, nikangoja ua mzima unyamaze.

«Sauti ya papa yangu? Ndiyo ile uliuzisha ku batu ba mitraille, baba mudogo.»