Usaili Hausubiri

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale kijijini kwetu Kyimo, mwanangu, tulipoamka tukamkuta bibi yangu amefariki, nami begi langu la safari lilikuwa tayari mlangoni. Usishangae kijana kama mimi kukuita mwanangu. Kungoja ajira ya serikali kumenizeesha.

Nilikuwa nimemaliza ualimu chuo kikuu, nikawa naomba kazi mwaka baada ya mwaka. Bibi ndiye aliyenilisha. Kila jioni aliuliza, "Wameita?" nami nikajibu, "Bado." Majirani walipocheka aliwaambia, "Chekeni tu, mtamwamkia mwalimu."

Nilizoea kuhoji kila kitu: mahubiri, mila, ahadi za wanasiasa. Wito wa usaili wa kazi ulipofika hatimaye, sikuuhoji. Usaili ulikuwa Dodoma, siku moja baada ya bibi kufariki, na maziko siku hiyohiyo.

Baba mdogo Ambokile alikuwa akifunga turubai la msiba. Aliponiona na begi akaacha kamba.

"Unakwenda wapi?"

"Dodoma, baba. Usaili hausubiri."

"Hausubiri? Na wewe umeusubiri miaka mingapi?"

"Nikiukosa huu, baba..."

"Nenda. Aliyekuwa anauliza kama wameita, leo hayupo."

Nilikwenda. Tulijaa ukumbini, wengine na watoto mgongoni, tukigombea nafasi chache. Miezi ikapita, jibu likaja: nimefaulu, ila nafasi zimejaa, jina langu litatunzwa kwenye kanzidata. Linatunzwa hadi leo. Bibi walimzika wengine.

Tangu hapo, kila msiba ukitokea, baba mdogo hunikabidhi chepe mbele ya watu. "Shika, mwalimu. Leo huna usaili?" Wanacheka. Nachimba.

Walisema mvumilivu hula mbivu. Mimi nauliza, mbivu za shamba la nani? Serikali haikunijua siku ile, wala haijanijua leo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na waliokuwa karibu nami niliwapa kisogo.

Basi, mwanangu, omba kazi. Hata mimi bado naomba. Lakini wakikuita siku unayotakiwa kumzika mtu wako, mzike. Anayeweza kukungojesha miaka asikunyime siku moja.

Mungu akupe kazi, mwanangu, na akupe ungali na mtu nyumbani wa kukuuliza, "Wameita?"