Ulikuwa Wapi Upepo Ulipokuja?

Mimi na upepo tunajuana. Magoti yangu hutabiri dhoruba kabla ya redio. Juzi yalitabiri, nikakimbia kuanua nguo mbichi, na jua likawaka mpaka jioni. Basi tuwaachie wenye kazi yao.

Saa tatu asubuhi, mwenye kazi anapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mlango. Mtaa mzima unamwita Ulikuwa Wapi, maana hilo ndilo swali lake la kwanza.

"Ulikuwa wapi upepo ulipokuja, mama?"

"Jikoni. Wewe usipouliza hulali?" Mwenye nyumba anamsogezea ndoo akalie.

"Redio ilitoa onyo. Ulisikia?"

"Nilisikia 'kimbunga', nikacheka. Kimbunga ni cha baharini, sisi hapa hata bwawa hatuna! Nikachungulia nje, naona kisulisuli, kile wanachokikimbiza watoto. Kumbe hiki kilikuja kukimbiza wakubwa."

Ulikuwa Wapi alikuwa fundi redio. Miezi mitatu iliyopita upepo huo uliua watu kumi na mmoja mtaani, mkewe akiwamo. Sasa anazunguka na maswali ya wataalamu wa hali ya hewa, kwa ujira ambao, kwa maneno yake, "unakuja umechoka."

"Wingu likianza kujisokota tunaliona," anaeleza bosi wake, mtaalamu wa kike mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. "Upepo wenyewe huishi dakika chache tu. Tunauchunguza ili watu wawahi kujificha. Lakini tukitamka neno wasilolielewa, ni kama tumenyamaza."

Kabla ya mvua zijazo wataamua onyo liseme nini: kimbunga, kisulisuli, au jina jingine. Kila nyumba iliyopigwa lazima isikilizwe.

"Nataka neno litakalomtoa mtu ndani bila kumuuliza mwenzake," anasema fundi. Halafu anakohoa, ingawa hana kikohozi.

Imebaki nyumba moja. Ya kwake.

Jioni mtaalamu anaketi kwenye chumba anachopanga fundi sasa. Gauni la marehemu limening'inia kwenye msumari. Binti yao, aliyefukuliwa mzima chini ya kitanda, anamenya vitunguu.

"Mkeo alisikia onyo?" mtaalamu anauliza.

"Hakusikia. Redio ilikuwa mbovu."

Kisu kinasimama.

"Baba," binti anasema taratibu, "mbovu, nyumbani kwa fundi redio?"

"Betri, mwanangu. Nilisahau. Betri zilikwisha."

"Ilikuwa inaongea. Mama akakupigia kazini, akauliza kama tukimbilie shuleni kwenye zege. Nilikuwa nimemwegemea, nilikusikia. Ulicheka, baba. Ukasema kimbunga kitafuata nini huku, ni kisulisuli tu, funga dirisha."

Fundi anageukia gauni msumarini.

"Akaenda kulifunga," anasema binti.