Viazi Vidogo vya Ibaba

Mimi ni mtu wa kusema. Mume wangu, ambaye kwa siku nzima anaweza kutoa maneno matano na yote yakawa ya kuomba chai, huniambia kwamba mdomo wangu ungekuwa shamba tungekuwa matajiri. Kwa hiyo nitasema na hili, ingawa hili sikulisema kanisani siku ile waliponipigia vigelegele. Bajeti iliyotutoa kwenye madeni, ile niliyowafundisha akina mama wenzangu kwa majivuno, ilikuwa na mstari mmoja usio na bei. Mstari huo ulikuwa wa mama yangu.

Tuliingia kwenye deni kwa tamaa ya kawaida kabisa ya sisi watu wa Tunduma. Mahindi yalikuwa yameshuka bei wakati wa mavuno, na sokoni kila mwenye mdomo alikuwa anasema nunua sasa, weka ndani, wateja wa ng'ambo ya mpaka watakuja na kwacha zao. Mume wangu ni fundi wa malori. Mimi nauza sabuni na mafuta ya kula karibu na mpaka. Hakuna kati yetu aliyejua biashara ya nafaka, lakini tulikopa, tukajaza magunia chumba cha watoto, watoto wakalala sebuleni, tukasubiri bei ipande. Haikupanda. Wadudu wakaingia, na tuliyauza mwisho kwa bei ya chakula cha kuku.

Tukakopa kwingine ili tulipe kule, kisha kwingine tena, mpaka tukaangukia kwa wale wakopeshaji wa kausha damu. Hawa marejesho yao ni ya kila wiki, na wakija kudai wanadai kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. Televisheni wakachukua. Makochi wakachukua. Kilichobaki mikononi mwao kilikuwa karatasi ya mauziano ya kiwanja chetu cha Chapwa, tuliyowapa kama dhamana. Juu ya kiwanja hicho ndiyo ipo nyumba yetu, vyumba viwili na sebule, kuta bila plasta, tuliyohamia baada ya kupanga nyumba za watu tangu tuoane. Tukishindwa kulipa, nyumba inauzwa. Hilo walitueleza vizuri sana.

Mume wangu ndiye aliyesema tukae chini na watoto tupange matumizi. Nikamwambia hilo ndilo neno la maana alilotoa mwaka mzima. Jumapili, baada ya ibada, nilibandua ukutani kalenda ya mwaka uliopita nikaigeuza nyuma, binti yetu aliyekuwa sekondari akashika kalamu kwa sababu ana mwandiko mzuri, na mdogo wake akakaa chini na miguu yake mirefu, maana makochi ndiyo hayo yameshaondoka.

Nilikata bila huruma. Sukari asubuhi tu. Nyama Krismasi. Mume wangu akaacha kwenda kibanda cha mpira, nami nikaacha kusuka na kununua vitenge. Watoto waende shule kwa miguu. Mume wangu aliomba abakiziwe pesa ya mpira walau mechi kubwa, nikamuuliza kama wachezaji nao wanamchangia marejesho. Binti akacheka. Kusema kweli ilikuwa siku nzuri, ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Chakula," binti akasoma.

"Andika bibi," nikasema.

"Niandike bei gani?"

"Bibi hana bei. Andika tu bibi."

Mama yangu anaishi Ibaba, juu kule Ileje, ambako ukungu unaweza kukaa mlangoni mpaka saa nne asubuhi. Baba alifariki zamani. Tangu niolewe, kila mavuno mama alikuwa ananitumia gunia moja, viazi au maharage au mahindi, linashuka na bodaboda hadi Itumba, linapanda basi dogo, nami nalipokea stendi. Ni zawadi ambayo kila mzazi wa kwetu humtumia mtoto wake aliyeko mjini. Jumapili ile niliigeuza kuwa utaratibu. Nilimpigia simu nikamweleza kwamba nahitaji chakula kila mwezi, siyo kila mavuno, na akasema sawa mwanangu.

Nilipokata simu mume wangu aliniuliza, "Mama ataweza?"

"Shamba lipo, mvua ipo," nikamjibu. "We ulitaka ashindwe kwa nini?"

Akainama akaanza kuikunja ile kalenda. Natamani angenijibu.

Bajeti ilikwenda vizuri miezi ya mwanzo. Kisha malori yakapungua pale gereji, na wiki mbili mfululizo tukakosa marejesho. Wakaja na mjumbe wa mtaa pamoja na mwanaume mmoja asiyesema kitu, ambaye alizunguka nyumba yangu akihesabu mabati kwa macho. Nilimwona hata anasukuma dirisha la chumba cha watoto kuangalia kama ni imara. Walipoondoka nilimpigia mama nikalia kwenye simu kama mtoto, mimi mwenye mdomo huu.

"Usilie," mama akasema. "Nipe siku chache."

Siku chache zikapita na pesa ikaingia kwenye simu. Ilikuwa nyingi, ya kufidia wiki zote tulizokosa na nyingine za mbele. Nikampigia kumshukuru nikamuuliza kaipata wapi.

"Nimeuza kahawa," akasema.

Nyuma ya nyumba ya mama kuna mibuni michache. Nimekua nikiichuma, vidole vyangu vinaijua. Mwezi ule mibuni ya kwetu huwa haina hata punje ya kuuza, ina maua tu. Nilijua hivyo wakati sauti yake bado iko sikioni. Nilikuwa na nafasi ya kuuliza mara ya pili, na swali lenyewe lilikuwa fupi. Nikasema, "Mungu akubariki mama," nikavaa viatu nikaenda kulipa.

Baada ya hapo viazi vilibadilika. Gunia lilikuwa linakuja vilevile, mwezi kwa mwezi, lakini ndani mlikuwa na viazi vidogo vidogo, vingine havizidi kidole gumba, na vingine vimekatwa na jembe. Kumenya viazi vile ni adhabu. Binti yangu alikuwa anakaa na kisu mpaka mgongo unamuuma, na tukimaliza kumenya, maganda yanataka kuwa mengi kuliko viazi. Nikampigia mama.

"Mama, mbona siku hizi unatuletea vya kulishia nguruwe? Vikubwa unamuuzia nani?"

Nilisema kwa utani. Mimi huwa nasema kila kitu kwa utani, ili mtu akikasirika nipate pa kujificha. Mama akasema ardhi imechoka mwaka huu, nivumilie. Nikamwambia basi sawa, tutavumilia.

Tulimaliza deni. Nasema kwa kifupi, lakini haikuwa fupi. Ilikuwa chai ya rangi na dagaa na viatu vya shule vilivyoshonwa mpaka uzi ukawa mwingi kuliko ngozi. Siku tuliyorudishiwa karatasi ya kiwanja mume wangu aliikunja akaiweka kwenye Biblia, akaenda nje, akakaa huko peke yake kwa muda. Mimi nilikwenda kanisani nikasimama mbele ya akina mama na ile kalenda mkononi. Nikawaeleza dawa ya deni ni kulipa, na dawa ya kulipa ni kupanga. Mmoja akauliza chakula tulikifanyaje, maana kwake ndicho kinachomaliza pesa. Nikasema, "Chakula mimi sikinunui. Mama yangu yupo." Wakacheka, wakapiga vigelegele.

Baada ya wiki chache tulifunga safari kwenda kumshukuru, familia nzima. Tulimbebea kitenge cha doti nzima, sukari, sabuni, na mafuta ya kula kutoka kwenye biashara yangu. Sikumwambia kama tunakuja. Nilitaka kuuona uso wake.

Nyumbani palikuwa pamefungwa. Jirani, mama mmoja aliyenifahamu tangu nikiwa mdogo, alitusalimia vizuri kisha akasema mama yuko kule chini, kwa yule wa viazi. Nikamuuliza yule wa viazi ni nani. Akaniangalia kwanza mimi, akaangalia na kitenge nilichobeba, akasema, "Nenda tu, utamwona."

Kule chini ni shamba letu. Ndipo nilipojifunza kushika jembe, na ndipo baba alipotugawia kila mtoto tuta lake ili tuone nani ataotesha mahindi mazuri. Lilikuwa limejaa viazi tangu juu hadi mtoni, na vibarua walikuwa wamejipanga wanachimba. Mama yangu alikuwa wa pili kutoka mwisho. Ameinama, khanga kiunoni, anachimba taratibu kuliko wengine, na nyuma yake kuna ndoo ndogo.

Mjukuu wake alimwita, "Bibi!" Akainuka. Alipotuona alijifuta mikono haraka kwenye khanga, akatabasamu, akaanza kuja. Kijana aliyesimamia kazi akasema, bila ukali wowote, "Bibi, tuta lako bado."

Hapo nikaanza. Nilimuuliza yule kijana anajua anaongea na nani, nikamuuliza hili shamba ni la nani, nikasema maneno ambayo hayafai kuandikwa. Mama akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu.

"Nyamaza," akasema. "Huyu hana kosa. Nililikodisha mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Lini?"

"Ulipokuwa unalia."

Tajiri wa viazi alikuwa amelipia misimu kadhaa, yote mbele, kwa mkupuo, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Hiyo ndiyo kahawa niliyoambiwa imeuzwa. Na kwa kuwa shamba halikuwa lake tena, na mimi nimeshaandika "bibi" kwenye kalenda, mama akawa kibarua humo humo. Vibarua walikuwa wanalipwa pesa kidogo, na wanaruhusiwa kuokota vile viazi ambavyo wanunuzi hawavitaki: vidogo, na vilivyokatwa na jembe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nakula. Hivyo ndivyo nilivyoviita vya nguruwe.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia ungeikataa ile pesa?"

Nimekuwa na jibu la kila mtu maisha yangu yote, na jibu la kweli la swali lile lilikuwa hapana. Ningeichukua. Ningelia zaidi, lakini ningeichukua.

Mume wangu alivua koti lake la safari akampa mwanetu mdogo amshikie, akachukua jembe la mama, akamalizia lile tuta. Binti yangu akaokota. Mimi nilisimama na kitenge changu mkononi. Kijana wa watu akatazama kando kwa heshima.

Nilimtafuta tajiri mwenyewe Itumba nikamwomba anirudishie shamba, nitamlipa kidogo kidogo. Alinisikiliza, akaniagizia soda. Akasema mbegu iko ardhini, misimu yake haijaisha, na ikiisha mama atalipata shamba lake kama walivyoandikishana. Hakuwa mtu mbaya, na jambo hilo liliniudhi kuliko angekuwa mbaya, maana nilikuwa nimekuja na hasira na hakuna pa kuiweka. Misimu itaisha, ndiyo. Lakini mama hachimbi tena kama zamani, nami nimemwona anavyoinuka: anashika goti kwanza, halafu kiuno.

Tuliporudi Chapwa tulikaa tena na watoto, tukapanga upya. Safari hii mstari wa kwanza ulikuwa wa bibi, na binti yangu hakuniuliza, aliandika pesa mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Mwisho wa mwezi nikamtumia mama. Nikampigia nikamwambia, pesa hiyo ni yako, kula nyama, weka kibarua wa kukuchotea maji, na usikanyage tena lile shamba mpaka liwe lako. Na usitume kitu. Akasema sawa mwanangu, kwa ile sauti yake ya siku zote.

Jumamosi konda wa basi la Itumba akanipigia. Kuna gunia lako hapa stendi, mama. Nikaenda kulichukua, nikalileta nyumbani, nikakata uzi pale sebuleni mbele ya watoto. Ndani mlikuwa na viazi vya dukani hasa, visafi, vimechaguliwa kimoja kimoja, hakuna hata kimoja kilichoguswa na jembe. Ameenda kuvinunua kwa yule tajiri, kwa ile pesa yangu.

Nikampigia. Kabla sijasema neno, akaniuliza kama safari hii ni vikubwa.