Mwamba wa Sebuleni

Kwetu sisi wenye asili ya Ngazija, nyumba ni ya mwanamke. Wazee wake humjengea, huolewa humo, huzaa humo, na mwanamume ndiye anayekuja na sanduku lake la nguo. Mkigombana, anayebeba sanduku ni yeye. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nilimtoa mke wangu nyumbani kwake.

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru wa Madagaska, tulikozaliwa. Wafaransa walikuwa wanafunga mizigo yao, na sisi vijana tuliosoma kidogo tulikuwa tunakalia viti vyao kabla havijapoa. Mimi nilipata kiti katika forodha ya Mahajanga, pamoja na nyumba ya serikali mtaa wa Antanimasaja, vyumba viwili na baraza ya saruji. Nikajiona nimefika. Mke wangu alikuwa na nyumba ya mawe Ambanoro, kule kisiwani Nosy Be, karibu na ufuko kiasi kwamba chumvi ilikula bawaba za milango. Nikamwambia tunahama kwa muda tu. Muda gani, sikusema, kwa sababu sikuujua na sikutaka kuujua.

Alikuja bila kulia wala kulalamika. Alipika, alifua, aliamkia majirani. Lakini alikaa katika nyumba ile kama mtu aliyekuja hitimani kwa watu, ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Miezi mitatu ilipita hajatundika hata pazia. Siku moja baada ya chakula cha mchana akaniambia alilonalo, kwa ile lugha yetu ya nyumbani ya Kingazija kilichochanganyika na Kimalagasi.

"Nitakaa mpaka Ramadhani. Mwezi ukiandama na moyo wangu bado haujatulia hapa, nitakwenda kufunga kwangu. Na nikienda, usiningoje."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira, maana hasira ningejua la kuijibu.

Kilichomuuma zaidi ni bahari. Bahari ya Mahajanga hupokea mto Betsiboka na udongo wote mwekundu wa bara, na maji yake yana rangi ya matofali. Kwao, bamvua likitoa maji, wanawake hutoka na vikapu na fimbo za chuma kwenda mwambani kutafuta pweza na chaza, na yeye alikuwa akienda tangu ana miaka saba. Mwamba ule aliujua kama anavyojua kabati lake. Mahajanga alikwenda ufukweni mara moja tu, akachota maji kwa kiganja, akayaangalia, akayamwaga. Nilicheka siku ile. Nilikuwa na tabia ya kucheka nisipoelewa.

Mfaransa aliyekaa nyumba ile kabla yetu alikuwa ameacha barazani tangi la kioo lenye fremu ya chuma. Alifugia humo samaki wa mtoni. Lilikuwa na urefu wa mkono na nusu, limejaa majani makavu na mijusi. Ndipo wazo likaniingia, na likiniingia wazo mimi huwa sina adabu tena, sili, silali. Kama siwezi kumrudisha mwambani, nitamletea mwamba sebuleni.

Nilikwangua kutu, nikapaka chuma lami kwa ndani, nikaziba viungo upya kwa chokaa iliyokandwa na mafuta ya kitani. Lilivuja. Nikaziba tena, likavuja upande wa pili. Mara ya tatu likashika. Hewa ilinisumbua zaidi, kwa kuwa maji ya bahari yaliyosimama huoza. Umeme hatukuwa nao. Nikanunua sokoni Mahabibo mpira wa ndani wa gurudumu la lori, nikaujaza kwa pampu ya mguu, nikaufungia mrija mwembamba wenye koleo la kubana, ncha ya mrija nikaichomeka kwenye kipande cha mti laini. Hewa ikatoka kwa mapovu madogo madogo. Nilipiga pampu alfajiri, adhuhuri na jioni. Majirani walisema karani wa forodha amepata wazimu wa magurudumu, na mimi nikawaambia wazimu mwenye mshahara si mbaya sana.

Mke wangu alitazama yote hayo bila neno. Lakini nilipochukua likizo ya siku kumi kwenda Nosy Be, alinifuata hadi kwenye gati na kuanza kuniagiza. Nisichukue kikubwa. Jiwe nilikalishe ndooni vile vile lilivyokaa baharini, juu liwe juu, kwa sababu vinavyoishi chini huungua kwa mwanga. Yule mnyama laini kama ua, mwenye vidole vingi, nisimbandue kwa kisu, nimchukue na jiwe lake, na samaki wake wawili, kwani wakitenganishwa hawali. Aliniambia mahali penyewe, hatua ngapi kutoka kwenye mkoko upi. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema mengi vile tangu tuhamie.

Nilikwenda, nikafanya alivyosema, nikarudi kwa meli ndogo ya pwani nimekumbatia ndoo ya enameli mapajani safari nzima. Fundi mitambo wa meli ile, mtu wa Ambanoro vile vile, alinibebea damajani sita, zile chupa kubwa za kioo, zimejaa maji safi ya bahari ya kwao. Tulijaza tangi pamoja, mimi na mke wangu. Yeye ndiye aliyetia kila kiumbe kwa mkono wake: mawe yenye matumbawe ya kahawia na ya kijani, kamba wanne wembamba wa kuonekana matumbo, kaa anayekaa katika gamba la konokono, lile ua la bahari, na wale samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Wawili wale waliingia moja kwa moja katikati ya vidole vya ua lao wakatulia. Mke wangu akapiga magoti mbele ya kioo, akakaa hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Wiki ile alitundika mapazia. Nilipoyaona niliingia chooni nikalia, nikatoka nimenawa uso, nikasema joto limezidi.

Nilijiona mtaalamu. Nilichora mstari wa mkaa kwenye kioo, na maji yakishuka nilijazia maji ya mvua, si ya bahari, kwa kuwa jua hunywa maji na kuacha chumvi. Kila Ijumaa nilitoa ndoo moja na kutia mapya ya Ambanoro. Fundi mitambo alituletea kila safari, lakini damajani hazikuwa zetu, zilirudi na meli. Maji ya akiba yakae wapi? Pipa letu lilikuwa na kutu. Mtungi ulikuwa unavuja.

Nikamwomba sufuria yake ya shaba. Ilikuwa sufuria kubwa ya arusi, aliyopewa na mama yake, ambaye naye alipewa na wake. Kwetu vyombo vya shaba ni heshima ya mwanamke, hupangwa ukutani watu wavione, na hupikiwa siku za arusi na maulidi tu. Ndicho kitu pekee cha thamani alichotoka nacho kwao. Hakusita. Alisema maji ya kwao yanastahili chombo cha kwao. Na kwa kuwa shaba isiyong'aa ni aibu ya mwenye nyumba, kila Alhamisi, siku ya meli, aliimwaga tupu, akaisugua kwa limau na majivu mpaka ukaona uso wako, akaisuuza mara saba, akaijaza upya. Bati lililopakwa ndani kufunika shaba lilikuwa limekwisha kitambo kwa kusuguliwa. Tuliona wekundu mtupu unaowaka, tukafurahi.

Kamba walikufa wa kwanza. Nilimkuta mmoja amelala ubavu, kesho yake wawili, kesho kutwa hakuna aliyebaki. Kisha kaa akatoka kwenye gamba lake akafa nje, uchi. Matumbawe yakaacha kufungua midomo yao, yakaanza kuwa meupe kutoka nchani. Ua la bahari lilijikunja likawa dogo kama ngumi ya mtoto, na wale samaki walijaribu kuingia ndani yake wakakosa pa kuingilia. Niliongeza hewa. Nilibadilisha maji mengi zaidi, mara mbili kwa wiki, mara tatu. Kila nilipobadilisha, hali ilizidi kuwa mbaya. Samaki tu ndio walioendelea kuishi. Ua lilipooza nikalitoa, na wao wakabaki wanaelea juu ya pale lilipokuwa, siku nzima, hawaendi kokote.

Ramadhani ilikuwa imebaki wiki tatu. Nilikuwa silali vizuri, mikono imechubuka kwa pampu, na moyoni nilikuwa nahesabu siku. Siku moja niliporudi kutoka kazini nikamkuta amekaa mbele ya kioo, mikono yake inanuka limau. Ulimi hauna mfupa. Nilimwambia ametia mikono yenye limau majini. Akasema hajagusa maji ya tangi tangu siku ya kwanza. Hapo ingefaa ninyamaze. Badala yake nikasema lile neno.

"Umewaua makusudi, upate sababu ya kwenda kwenu."

Aligeuka kutoka kwenye kioo.

"Wallahi sikuwagusa," akasema. "Niliwatia kwa mkono wangu. Ningewauaje?"

Nilijua ni kweli. Nataka niandike hivyo waziwazi, kwa kuwa sina tena wa kumficha: nilijua ni kweli wakati ule ule, na sikulirudisha neno. Nilikuwa nimeshindwa, na aliyeshindwa hutafuta wa kushindwa naye.

Hakungoja mwezi uandame. Siku ya nne alikwenda na meli ya yule fundi mitambo, na sufuria yake imefungwa ndani ya mkeka. Samaki wawili niliwapeleka melini wiki iliyofuata ndani ya damajani, wakatupwe baharini kwao. Sikuuliza kama walifika.

Hakudai talaka, nami sikumpa. Mwaka mmoja na miezi kadhaa ikapita hivyo, nikila kwa mama ntilie mmoja wa Mahabibo na kusema kwa watu kwamba mke wangu anamuuguza mama yake. Kisha akaja forodhani kijana wa Kimalagasi aliyesomea viumbe vya bahari Ufaransa, anakwenda kufanya kazi Nosy Be. Masanduku yake yalikuwa na vyombo vya kioo na vya plastiki tu. Nikamuuliza kwa utani kwa nini hana hata bakuli la chuma. Akasema chuma kidogo si neno, adui ni shaba. Maji ya chumvi huila shaba kidogo kidogo, na tone lake samaki huvumilia, lakini kwa kamba, kaa na matumbawe halivumiliki. Nilipiga muhuri karatasi zake zote bila kusoma hata moja.

Ingefaa niende siku ile ile. Nilikaa miezi miwili. Niliandika barua tatu nikazichana, kwa kuwa katika kila moja nilijikuta najitetea. Mwishowe nikapanda meli.

Nilifika Ambanoro baada ya sala ya alasiri. Mama mkwe alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akaenda uani. Mke wangu akanitengea chai. Alikuwa amenenepa kidogo, na uso wake umetulia, na nikaona, kwa wivu, kwamba nyumba ile ilikuwa imemponya kitu ambacho mimi nilikijeruhi. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu njia nzima, nikayatoa yote kwa mara moja. Kwamba iliyowaua ni shaba. Kwamba sufuria niliiomba mimi. Kwamba yeye hakuwa na kosa lolote, nami nilijua hivyo tangu siku ile, na naomba radhi, na nyumba ya Antanimasaja iko vile vile.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atalia, au atanitukana, na lolote kati ya hayo ningelipokea. Akauliza swali moja tu. Sufuria ingebaki na weusi wake, isisuguliwe, ingeua vile?

Hapo ndipo ningeweza kusema sijui. Neno moja dogo. Lakini nilikuwa nimekuja kusema ukweli, na nilikuwa mwepesi wa ukweli kama nilivyokuwa mwepesi wa lile neno la kwanza. Nikasema kijana yule alinieleza: ikisuguliwa huua haraka zaidi, kwa kuwa ule weusi ndio unaoikinga isiliwe na maji.

"Basi nilikuwa mimi," akasema.

Nikamwambia hapana, nikamwambia sivyo nilivyokusudia. Alikuwa hanisikii. Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Mwaka mzima nimekuwa nikimwambia Mungu si mimi. Hata kwenye mfungo. Kumbe kila Alhamisi."

Nilikuwa nimesafiri siku mbili kumtua mzigo ambao hakuwa nao, na sasa nikawa nimemtwika. Nilimwomba turudi wote. Akatikisa kichwa polepole, bila uchungu, akaniambia chai inapoa. Nikainywa. Tukazungumza habari za wagonjwa na waliooa.

Nilipoinuka, naye aliinuka. Akajitanda leso, akatoka nami hadi mlangoni, akashuka ngazi, akaja nami mpaka kwenye kona ya njia, akaniombea safari njema. Kwetu mume hasindikizwi akitoka nyumbani kwa mkewe. Anayesindikizwa ni mgeni.