Kwaya ya Mbuzi

Mpaka leo mbuzi akilia karibu yangu, nakasirika. Na hapa mjini Baraka mbuzi wamejaa kila kona, kwa hiyo mnaweza kukisia ninavyoishi.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya. Siku za wiki alilima mihogo kama wengine, lakini Jumamosi alivaa koti lake la kijivu lililonuka sabuni na moshi, akachukua kifimbo chake cha kuongozea nyimbo, tukaenda kwa miguu kufundisha kwaya ya kijiji cha Lubondja. Mimi, binti wa miaka minane, nilibeba daftari la nyimbo. Njiani watu walimsalimia "Mwalimu", nami nilitembea kifua mbele utadhani ni mimi wananiita.

Jumamosi moja tulikuta kizuizi. Watu watatu wenye bunduki walikuwa wamekaa kivulini, na pembeni wamefunga mbuzi wanne walioporwa kutoka kwa wapita njia. Mmoja akamuuliza baba kile kifimbo ni cha nini. Baba akaeleza kwa adabu.

"Ah, we njo mwalimu wa kwaya? Basi fundisha hii mbuzi. Tunataka kusikia soprano na besi."

Baba alitabasamu, akidhani ni mzaha. Bunduki ikainuliwa. Akasimama mbele ya wale mbuzi, akainua kifimbo, akaimba kwa ile sauti yake nzuri ya kanisani, akangoja. Mbuzi mmoja akaitikia, mee, pale pale palipotakiwa. Wale watu wakavunjika mbavu. Nami nikacheka. Nilicheka mpaka daftari likaniponyoka. Baba aligeuka akanitazama, kisha akaendelea kuimba mpaka walipochoka naye.

Hatukufika Lubondja. Nyumbani mama alisema, "Tushukuru Mungu, habakukupiga." Majirani nao wakasema hivyo hivyo, baba akaitikia kwa kichwa. Hakusimama tena mbele ya kwaya. Kanisani alikaa benchi la nyuma, mdomo ameufunga, na mimi nilimkasirikia: mwanaume mzima, kushindwa na mbuzi!

Nilikuwa tayari na watoto wawili nilipomwomba msamaha kwa kile kicheko. Alikuwa anamenya karanga.

"Bale bantu sikubajua," alisema bila kuniangalia. "We mtoto wangu njo nilikuwa nakujua."

Miaka yote nilidhani wale wenye bunduki ndio waliomvunjia heshima. Kumbe pale barabarani alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu wa kumwona bado ni Mwalimu, na mtu huyo aliangusha daftari akicheka.