Mguu wa Mzee Andongwisye

Wakati Mjerumani anatawala, mzee Andongwisye wa Ngana alijulikana kwa kazi moja tu: kucheza misibani. Wenzake walilima mpunga na kuchunga ng'ombe, yeye alizika. Ngoma ya msiba ikilia ng'ambo ya mto, anatwaa mkuki wake anakwenda, hata kama marehemu hamjui kwa jina wala kwa sura. Kwetu msiba ambao wanaume hawarushi miguu ni aibu ya ukoo mzima, na mwenye mguu mwepesi hukatiwa mnofu wa heshima. Mzee alikuwa na mguu mwepesi na tumbo zito. Ilisemekana mgonjwa wa Ngana akimwona anapita na mkuki hujikaza akapona kwa hasira.

Sasa, ukitaka kumkomoa mtu wa namna hiyo, unamgusa wapi? Kidonda ndugu kilianza chini ya goti kama mkwaruzo wa mwiba. Mkewe akakitibu kwa majani, mganga akakitibu kwa maneno, kidonda chenyewe kikajitibu kwa nyama ya mzee. Harufu ilipoanza kumtangulia mwenyewe barazani, mwanawe Angetile alimbeba na wenzake kwa machela mpaka hospitali ya misheni, nyumba ndefu ya mianzi na udongo karibu na ziwa. Daktari wake Mjerumani aliitwa na wagonjwa Bwana Msumeno. Jina hilo halikutokana na useremala.

Bwana Msumeno alikinusa kidonda, akakitazama, akatoa hukumu kwa Kiswahili chake cha kupanga mawe: "Kidonda safi, mguu baki. Kidonda chafu, Jumamosi kata."

"Mkikata, mguu unakwenda wapi?" mzee akauliza.

"Kaburi."

"Na nani atauchezea?"

Daktari akaandika kwamba mgonjwa ana homa.

Kwa hiyo mguu ulitakiwa kuoshwa, na waosha vidonda walikuwa wawili. Wa kwanza ni Eliya, mvuvi wa zamani, aliyeosha kidonda kama anayekwangua magamba ya samaki. Siku ya kwanza alimkwangua mzee. Siku ya pili mzee alimng'ata sikio. Siku ya tatu Eliya aliapa kwa Biblia kwamba hatakanyaga tena karibu na meno yale.

Akabaki Tusekile, ambaye mkono wake ulisifiwa mpaka ng'ambo ya mto Songwe. Alikuwa na kasoro moja tu, nayo si ya kwake: ni mke wa Angetile. Mzee ni baba mkwe wake.

Kwetu mke hamwoni baba wa mumewe. Hamtazami, hamsemeshi, hata jina lake halitamki. Akisikia kikohozi chake njiani anaingia migombani, siafu wawepo wasiwepo. Angetile alilijua hilo siku anamleta baba yake, ila alimtegemea Eliya. Hakuna aliyekuwa ameyafikiria meno.

Bwana Msumeno, ambaye alijua majina ya mifupa yote ya binadamu na hakujua nani mkwe wa nani, akaamuru: Tusekile aoshe. Tusekile akachukua bakuli lake mpaka mlangoni, akasikia kikohozi, akaliweka chini, akarudi akatorokea dirishani. Mzee naye alipoona upindo wa nguo mlangoni alijifunika blanketi gubigubi, mguu ukabaki nje kama wa maiti. Daktari akahitimisha kwamba mwanamke anaogopa usaha na mwanamume anaogopa maji. Akawahubiria wote wawili juu ya ushujaa, kila mmoja upande wake wa ukuta. Waliitikia vizuri sana. Kidonda hakikuoshwa.

Ikafika Ijumaa. Kwenye kitanda cha jirani alilala Lazaro, Mkisi wa ufukweni, mkono umemvimba lakini mdomo mzima. Mkewe Neli, mfinyanzi, alikuwa amemletea samaki na habari za sokoni.

"Tata, ugonile," Lazaro akamsalimu mzee huku akitafuna. "Neli anasema kuna msiba mkubwa Ngana. Ng'ombe wamelala chini kama magogo."

Mzee akageukia ukuta.

"Wamekukumbuka sana. Wanaulizana, nani atacheza nafasi ya mzee?"

"Wamesemaje?"

"Walikuwa bado wanaulizana, nyama ikaiva. Wakakusahau."

Mzee alitafuta kitu cha kumrushia, akakosa. Akaupiga ukuta teke, tena kwa mguu uleule mbovu, maana ndio alioulaumu. Mchwa walikuwa wameshaila mianzi ile tangu masika. Mguu ukapenya mpaka gotini, ukatokea upande wa pili, na ncha za mianzi zikaubana kama samaki kwenye mgono. Kuvuta, hauji.

Upande wa pili Tusekile alikuwa anachemsha bendeji. Aliutazama ule mguu uliotoka ukutani. Hakuna haja ya kuuliza wa nani. Harufu ilikuwa imeshajitambulisha. Akajitanda nguo kichwani. Angekimbia, desturi ingemsifu. Kesho msumeno, na keshokutwa Angetile angekuwa na baba wa kubebwa mgongoni maisha yake yote.

"Kaka Lazaro," akaita, "mwenye mguu huu ana uso?"

"Anao, ila uko huku kwetu. Si mzuri."

"Basi huku hauko. Mwambie atulie."

"Tata, anasema utulie."

"Nimesikia," akasema mzee.

"Anasema amesikia."

"Mwambie maji ni ya moto."

"Tata, maji ni ya..."

Mzee alipiga ukelele ulioamsha kuku wa misheni. Halafu hakupiga tena. Tusekile aliosha, akatoa nyama iliyooza, akanyunyiza ile dawa ya njano inayonuka, akafunga, kisha akaikata mianzi iliyoubana. Lazaro alipeleka maneno huku na huko, ingawa ukuta ulikuwa mwembamba kiasi cha kusikia mtu akimeza mate. Mwisho mzee akashukuru polepole, "Mwambie ndaga."

"Ndaga kwa nani, Tata? Hujamwona mtu."

"Uambie ukuta."

Jioni Angetile akaja, akasikia, akashika kichwa. Alitaka kuleta ng'ombe wa kuisafisha aibu. Mzee, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkataa ng'ombe, alimkataa.

"Aibu gani? Mimi nimemwona Lazaro, na inatosha kuwa adhabu. Huyo mkeo ameona goti. Alipoolewa kwangu, mahari ilitolewa na goti?"

Jumamosi Bwana Msumeno akaja na msumeno wake umefungwa kitambaa. Akafungua bendeji, akanusa mara mbili, akaonekana kusikitika kidogo.

"Safi. Msumeno ngoja."

Kisha akauona ukuta. Akaagiza tundu lizibwe, na hapo wodi nzima ikagoma kula. Maana usiku ule kila mgonjwa alikuwa ameshahesabu wakwe zake. Mmoja alisema mwosha akiwa haonekani, hata Eliya anavumilika. Ikabidi daktari aelezwe habari za ukwe, kazi iliyochukua asubuhi nzima na ikahitaji viazi vya kuonyeshea nani ni nani. Alipoelewa alicheka mpaka miwani ikadondoka, akala mkwe mmoja kwa makosa, akaamuru tundu libaki.

Neli akaleta chungu kikubwa kilichopasuka tanuruni, wakakata shingo yake, wakaichomeka ukutani ili mianzi isichome watu. Tangu hapo mgonjwa akipokelewa huulizwa kwanza anayemkwepa, ndipo anapewa kitanda. Waliokuwa wakitorokea dirishani wakapungua, na Bwana Msumeno akawaeleza wageni kwamba ni utaratibu alioubuni mwenyewe. Hakuna aliyembishia, alikuwa na msumeno.

Kidonda kilipofunga, mzee alitoka kwa miguu yake miwili, akaenda msibani moja kwa moja kabla ya kufika kwake. Huyo marehemu pia hakumjua.

Tusekile alikuwepo, kati ya wanawake, nguo imefunika kichwa, macho chini kama inavyompasa mke mwenye adabu. Kwa hiyo aliona vumbi na miguu tu, miguu mingi ikiruka. Katikati yake akautambua mmoja, wenye kovu jipya chini ya goti. Akaukagua kwa makini miruko miwili mitatu, ndipo akageuka, akaingia migombani.

"Mama," akamwambia mama mkwe wake aliyemfuata huko, "mwambie mwenye mguu asiruke sana. Kovu bado changa."

"Nimeshamwambia," akasema mama mkwe. "Anasema mwenye kovu ni ukuta."