Marahaba ya Jana

Baba yangu alikuwa mtu wa salamu. Ukimwambia shikamoo naye ana mzigo wa mkonge kichwani, atasimama, ataitikia marahaba kwa kituo, kisha akuulize habari za kwenu, mmoja mmoja. Sisi watoto wenye njaa tulikuwa tukimngoja na kukereka. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba alichokifanya masika yale hakikuwa kidogo.

Tulikaa kambini kwenye shamba la mkonge, Mwera. Masika, mbu walipozidi, wakataji waligawiwa kidonge cha kwinini kila alasiri wakitoka kazini, wakimeze papo hapo. Wakataji tu. Wake na watoto hawakuhesabiwa, maana hawakati mkonge. Mke wa meneja akipiga chafya, daktari alifuatwa kwa gari. Mama yangu alikuwa siku ya tatu anatetemeka kitandani, na sisi tuliambiwa tumpe maji mengi. Hospitali ya Pangani ilikuwa ng'ambo ya mto, naye hakuweza hata kuketi. Hasira ile ninayo mpaka leo, wala siionei haya.

Basi wanaume walikificha kidonge shavuni wakakipeleka nyumbani. Dresa wa zahanati, kijana wa Muheza aliyesoma misheni, akaijua hila hiyo. Hakumwambia mtu apanue kinywa. Alimpa kidonge na maji, kisha akamwamkia kwa adabu zote: "Shikamoo, mzee." Mzee gani wa pwani atanyamaza? Akiitikia tu, kidonge kinaonekana.

Siku ya kwanza baba alinaswa. Nilikuwa bombani nachota maji, hatua chache kutoka dirisha la zahanati, nikamsikia akisema "Marahaba," na papo hapo akaamriwa ameze. Alirudi nyumbani akaketi chini karibu na kitanda, asimtazame mama.

Siku ya pili nilisimama tena bombani, ndoo imejaa zamani.

"Shikamoo, mzee," dresa akasema.

Baba akamtazama, kimya.

"Mzee, shikamoo!"

Mstari mzima ukageuka. Nyapara akacheka, akasema leo mzee kawa meneja. Baba akaondoka, shingo imekakamaa, na dresa akamwacha aende. Nilimkimbilia nyuma, maji yakinimwagikia. Nyumbani akatema kiganjani kilichobaki, unga mweupe uliochanganyika na mate, nikamlisha mama kwa kijiko. Sijapata kumwonea mtu fahari kama nilivyomwonea baba siku ile.

Siku ya tatu alifika dirishani, na kabla hajapewa kitu akasema kwa sauti iliyosikika kwa wote:

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ni ya jana."

Dresa akainamisha kichwa. Akampa kidonge na maji, akamwita anayefuata. Hakumwamkia siku ile, wala siku zilizofuata, na baba alifika nyumbani kila alasiri kinywa kimefumbwa.

Homa ilipomwacha, mama alishika ndoo akaenda bombani kwa miguu yake, mimi nyuma yake. Hatukuwa tumemwambia lolote kuhusu salamu. Dresa alimwona kutoka dirishani, akatoka mpaka barazani.

"Shikamoo, mama."

Mama akatua ndoo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Habari za kwenu Muheza?"